Koi wageni katika bwawa la bustani: kemia ya mfuko na ya bwawa

Mtu wa Tabora anayeagiza samaki wa mapambo waitwao koi kwa ajili ya bustani yake mara nyingi huwapokea stendi ya mabasi au stesheni ya reli, wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni na kupangwa ndani ya boksi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 800, na kwa muda wote wa safari samaki wanapumua, wanatoa kinyesi na kumwaga ute katika lita chache za maji yaleyale. Hata hivyo wengi hufika wazima. Wanaingizwa bwawani, wanaogelea, watoto wa nyumba wanakusanyika kuwatazama. Kisha siku ya pili au ya tatu mmoja anaonekana ametulia sakafuni huku ameyabana mapezi, na kabla ya wiki kwisha kadhaa wamekwishaelea. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba samaki hawakuzoea mazingira. Maelezo hayo yanafariji, lakini hayamsaidii mtu kuagiza samaki wengine kwa usalama zaidi, kwa sababu jambo lililowaua kwa kawaida lina jina, lina kipimo, na lilianza ama pale mfuko ulipofunguliwa au wiki kadhaa kabla ya samaki kununuliwa, bwawa lilipokuwa linajazwa maji.

Tuanze na mfuko. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na hutoa pia hewa ukaa. Katika bwawa pana vitu hivi viwili husambaa na kupungua; katika mfuko uliofungwa hubaki na kuongezeka saa baada ya saa. Hewa ukaa ikiyeyuka majini hutengeneza tindikali hafifu, kwa hiyo pH ya maji ya mfuko (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) hushuka, na baada ya safari ndefu inaweza kufika 6.5 au chini zaidi. Hapa ndipo panapochanganya watu wengi, kwa kuwa kushuka huko, ambako ukikuona kwenye kipimo unaweza kudhani ndiyo hatari yenyewe, kwa kweli ndiko kunakomlinda samaki. Amonia iliyo majini huwa katika hali mbili: amoniamu, ambayo haipenyi matamvua kwa urahisi na madhara yake ni madogo, na amonia huru, ambayo hupenya, huunguza matamvua na kuingia kwenye damu. Mgawanyo kati ya hali hizo mbili huamuliwa hasa na pH, na kwa kiasi fulani na joto. Katika nyuzi joto 25, maji yenye pH ya 6.5 huwa na amonia huru isiyofika asilimia 0.2 ya amonia yote. pH ikiwa 7 hufika karibu asilimia 0.6, pH ikiwa 8 huvuka asilimia 5, na pH ikiwa 9 huvuka theluthi moja. Kila pH inapopanda hatua moja katika eneo hilo, sumu huongezeka takribani mara saba hadi kumi bila samaki kutoa hata chembe moja ya amonia zaidi.

Tuchukue mfano. Mfuko umefika ukiwa na miligramu 10 za amonia kwa lita, kiasi kinachowezekana kabisa baada ya usiku mzima na mchana, na pH yake ni 6.5. Amonia huru iliyomo ni kama miligramu 0.018 kwa lita, na samaki anaweza kuihimili. Mwenye bwawa anafungua mfuko, hewa ukaa inatoka, pH inaanza kupanda. Kisha, kwa nia njema, anaongeza kikombe cha maji ya bwawa yenye pH ya 8, anasubiri dakika kumi, anaongeza kingine, anasubiri tena. Amonia imepungua kidogo tu kwa kuchanganywa, lakini pH imepanda sana. Ikifika 8 wakati amonia yote bado iko karibu na miligramu 10, amonia huru inakuwa zaidi ya miligramu 0.5 kwa lita, takribani mara thelathini ya ile ya mwanzo. Samaki anakaa ndani ya mchanganyiko huo nusu saa au saa nzima akiwa "anazoeshwa". Akitoka hapo matamvua yake yamekwishaungua, ingawa kwa macho haonyeshi tofauti yoyote, na kifo cha siku ya tatu kimeanzia hapo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutumbukiza mpira wa pampu ya hewa ndani ya mfuko ili samaki wapumue vizuri. Mapovu hayo huitoa hewa ukaa kwa kasi kubwa na kuharakisha mabadiliko yaleyale.

Kwa hiyo ushauri wa kumimina maji kidogo kidogo, unaorudiwa kila mahali kana kwamba ni sheria, unafaa kwa safari fupi tu. Koi anayetoka bwawa la jirani wa mtaa wa pili, aliyekaa ndani ya ndoo kwa nusu saa, hana amonia ya kutisha, na kumchanganyia maji taratibu ni jambo jema hasa kama maji ya nyumba hizo mbili yanatofautiana. Kwa samaki aliyesafiri usiku kucha, kinachofaa ni kusawazisha joto tu mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha kumtoa haraka na kumwingiza katika maji safi yenye hewa ya kutosha. Mabadiliko ya ghafla ya pH yanamsumbua, hilo halikataliwi, lakini ukilinganisha na saa nzima ya amonia huru, ni adha ndogo.

Joto lisawazishwe hivi. Boksi lifunguliwe mahali penye kivuli na mwanga hafifu, kwa sababu samaki aliyetoka gizani akipigwa na jua la ghafla hujirusha na kujigonga. Mfuko uachwe uelee juu ya maji kwa dakika 20 hadi 30 pasipo jua, kwa kuwa plastiki iliyofungwa ikiachwa juani kwa muda huo hupasha maji yaliyomo na kuleta tatizo jipya. Mikono ilowekwe kwanza. Unapokata kamba ya mfuko utasikia harufu kali kidogo na kuona povu jeupe lisilopasuka haraka limeganda pembeni mwa plastiki. Ni ute na uchafu wa samaki, na wingi wake unaeleza jinsi safari ilivyokuwa. Ukingo wa mfuko ukunjwe nje, samaki mdogo akingwe kwa viganja viwili au kwa beseni laini, mkubwa asiinuliwe kwa wavu wa kuning'inia kwa sababu uzito wake mwenyewe unaweza kuvunja mapezi na kung'oa magamba. Maji ya mfuko yamwagwe chini ya mti, yasiingie bwawani hata tone, maana yana amonia na huenda yana vimelea. Kazi hii yote, tangu kukata kamba hadi samaki kuingia majini, isizidi dakika chache.

Muuzaji naye ana sehemu yake. Samaki asilishwe kwa siku moja hadi mbili kabla ya kufungwa, kwa sababu amonia inatokana hasa na protini ya chakula, na tumbo tupu linapunguza uchafu wa safari pengine kuliko hatua nyingine yoyote. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, si kinyume chake. Anayeagiza ana haki ya kuuliza mambo hayo mawili kabla ya kulipa, na jibu la kusitasita linatosha kumfanya atafute muuzaji mwingine.

Sasa bwawa lenyewe. Bwawa jipya lenye maji meupe yanayoonyesha sakafu linavutia, lakini kwa samaki ndilo la kuogopwa zaidi. Usalama wa bwawa unategemea bakteria wanaoishi juu ya kuta, kwenye mawe na hasa ndani ya chujio. Kundi moja la bakteria hula amonia na kuigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huiharibu damu ya samaki isiweze kubeba oksijeni, mpaka rangi yake ikageuka kahawia. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo koi huivumilia kwa kiwango kikubwa na ambayo mimea ya majini huitumia. Bakteria hawa hawapo siku bwawa linapojazwa. Huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga, na hujijenga tu pale penye amonia ya kuwalisha. Ndiyo maana pampu na chujio viwashwe mapema, na kila siku chache vidonge vichache vya chakula cha samaki viachwe vioze ndani ya chujio, huku amonia na naitraiti zikipimwa. Mtu ataona amonia ikipanda, kisha ikishuka huku naitraiti ikipanda, kisha naitraiti nayo ikishuka hadi sifuri. Hapo bwawa liko tayari kupokea samaki wachache, si ishirini kwa mpigo, kwa sababu bakteria waliopo wanatosha tu kwa chakula walichozoea kupata.

Mabwawa mengi ya bustani mjini Tabora hujengwa na mafundi wa kawaida kwa matofali na saruji, na saruji mpya ina tabia yake. Chokaa iliyomo huvuja na kuipandisha pH ya maji hadi 11 au zaidi, kiwango ambacho hakuna koi atakayekihimili. Bwawa lijazwe, likae siku kadhaa, limwagwe, lisuguliwe, lijazwe tena, na zoezi hilo lirudiwe mpaka pH ikae chini ya 8.5 kwa wiki nzima bila kupanda. Au kuta zipakwe rangi maalumu ya kuzuia maji isiyo na sumu kwa samaki. Kina kisipungue mita moja, na mita moja na nusu ni bora zaidi, kwa kuwa koi akitunzwa vizuri hufika sentimita 60 na huishi miongo kadhaa. Bwawa la mita 3 kwa mita 2 lenye kina cha mita 1.2 lina lita 7,200, na kwa kadirio la busara la lita 1,000 kwa kila koi mkubwa, hao ni samaki saba. Wanapofika wakiwa na urefu wa kiganja, saba wanaonekana wachache mno. Ni vema kuvumilia.

Chanzo cha maji nacho kina neno lake. Maji ya bomba ya Tabora, ambayo miaka ya karibuni yanatoka Ziwa Viktoria kupitia mradi mkubwa uliofika pia Igunga na Nzega, hutiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu, na klorini ileile huunguza matamvua na kuwaua bakteria wa chujio. Maji yakikaa kwenye simtanki lililo wazi au yakipulizwa hewa kwa siku moja hadi mbili, klorini hutoka. Mwenye haraka anaweza kutumia thayosalfeti ya sodiamu, na gramu 3.5 zinatosha kwa lita 1,000 za maji yenye klorini ya miligramu 0.5 kwa lita. Maji ya ziwa hilo ni laini, yaani yana madini kidogo, kwa hiyo pH yake huyumba kwa urahisi. Makombe ya baharini au vipande vya mawe ya chokaa ndani ya chujio huituliza. Maji ya kisima yapulizwe hewa kwanza, kwa sababu hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo. Ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati yasiwe chanzo pekee.

Pamoja na maandalizi hayo yote, samaki mpya asiingie moja kwa moja kwenye bwawa lenye samaki wa zamani. Akae karantini kwa wiki tatu hadi nne katika tanki la lita 500 hadi 1,000 lenye pampu ya hewa, chujio dogo lililokaa kwanza katika bwawa kubwa ili lipate bakteria, na wavu wa kufunika juu, kwa kuwa koi mgeni huruka nje usiku wa kwanza na wa pili kuliko wakati mwingine wowote. Sababu kubwa ya karantini ni ugonjwa wa virusi vya malengelenge ya koi, uliotambuliwa mwaka 1998. Haumdhuru binadamu, lakini unaweza kuangamiza karibu bwawa zima, hauna dawa, na samaki aliyepona anaweza kubaki na virusi maisha yake yote. Hulipuka maji yakiwa kati ya nyuzi joto 16 na 28, joto ambalo bwawa la Tabora huwa nalo karibu mwaka mzima. Nchi za baridi zina miezi ambayo virusi hivyo hulala; sisi hatuna, na hilo lina upande wake mzuri: samaki aliyeathirika ana uwezekano mkubwa wa kuonyesha dalili akiwa bado karantini.

Katika tanki hilo chumvi ni rafiki mkubwa, na mkazi wa Tabora hana haja ya kuagiza chumvi ya dukani yenye picha ya samaki, wakati Uvinza iko kwenye reli ya kwenda Kigoma na chumvi imekuwa ikipikwa pale kutoka chemchemi zake kwa karne nyingi. Itafutwe chumvi isiyotiwa viambato vya kuizuia kuganda. Kilo 3 kwa lita 1,000, ikiyeyushwa kwanza kwenye ndoo na kuongezwa kwa mafungu matatu ndani ya siku moja na nusu, hupunguza kazi ambayo mwili wa samaki hufanya kusawazisha chumvi zake, humsaidia kujenga upya ute uliopotea safarini, na huzuia naitraiti isiingie kupitia matamvua. Kwa tanki la lita 500 ni kilo moja na nusu. Ipimwe kwa mizani, si kwa kukisia. Chumvi haivukizwi na jua, kwa hiyo inayoongezwa tena ni ile tu iliyotoka na maji yaliyobadilishwa.

Siku ya kwanza samaki asipewe chakula, na kama amejificha, asipewe hata siku ya pili. Baadaye apewe kiasi anachomaliza ndani ya dakika mbili au tatu. Hapa inafaa kusema kwamba maandishi mengi kuhusu koi yametungwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi kali. Koi wa mapambo walikuzwa katika milima ya Niigata huko Japani, eneo la theluji nyingi, na walianza kujulikana sana baada ya maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1914. Walioandika juu yao baadaye huko Ulaya na Marekani nao walikuwa na barafu bwawani. Kurasa nyingi kuhusu kuacha kulisha maji yanapopoa hazimhusu mtu wa Tabora. Kinachomhusu ni Septemba na Oktoba, joto la mchana linapopita nyuzi 30, na oksijeni.

Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na mwinuko unaipunguza tena. Maji yenye nyuzi 25 kando ya bahari yanaweza kubeba miligramu kama 8.2 za oksijeni kwa lita. Tabora, iliyo takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yenye joto hilohilo hubeba kiasi cha 7.1, na yakifika nyuzi 30 hubaki na 6.5. Koi anataka angalau 5 au 6 ili awe na raha, kwa hiyo akiba ni finyu. Bwawa likiwa la kijani, mwani hutoa oksijeni mchana lakini huila usiku, na saa ngumu kuliko zote ni ile ya kabla ya mapambazuko. Mwani huohuo hutumia hewa ukaa mchana na kuipandisha pH alasiri, pengine hadi 9, na hesabu ya amonia tuliyoiona kwenye mfuko inarudi bwawani. Basi kama samaki wamefika jioni, waingie kwenye tanki la karantini lililo kivulini na lisilo na mwani, pampu ya hewa ikiwaka usiku kucha. Ni vema pia kuwa na pampu ndogo ya betri kwa saa ambazo umeme umekatika. Asiyekuwa nayo achote maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, mara nyingi, mpaka umeme urudi.

Katika wiki hizo za karantini, samaki aangaliwe asubuhi kabla ya kulishwa. Akikaa juu akitweta mdomo wazi, kwanza ishukiwe oksijeni, kisha amonia, na maji yapimwe kabla ya kukimbilia dawa. Akijikwaruza ukutani na kurukaruka, huenda ana vimelea vya ngozi. Madoa meupe madogo mithili ya chembe za sukari juu ya mapezi ni ugonjwa wa madoa meupe, ambao katika joto la Tabora hukamilisha mzunguko wake ndani ya siku chache, na ndiyo maana tiba yake hurudiwa. Matamvua yenye mabaka meupe, macho yaliyozama na samaki kufa mmoja baada ya mwingine ni dalili za kumwita afisa uvuvi au daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na kifaa chochote kilichogusa tanki hilo kisiguse bwawa. Beseni, ndoo na wavu wa karantini viwe vya karantini tu.

Wiki zikipita bila dalili, samaki huhamishwa asubuhi, chumvi ikiwa imepunguzwa taratibu kwa kubadilisha maji ya tanki kwa maji ya bwawa, na safari hii kuchanganya polepole kunafaa kwa sababu hakuna mfuko wala amonia iliyorundikana. Bwawa lifunikwe wavu kwa miezi ya mwanzo; mdiria hujifunza haraka mahali penye samaki wekundu wasiojua kujificha, na kenge huja mchana. Kabla ya mvua za Novemba bomba la kutolea maji ya ziada lifungwe chujio la waya lenye matundu madogo kuliko samaki mdogo kabisa aliyemo, na asiyetaka tena koi zake azigawe kwa mwenye bwawa mwingine, asizitupe mtoni wala katika bwawa la Igombe. Jamii hii ya samaki hufukua matope ikitafuta chakula, hung'oa mimea ya majini na kuyachafua maji ambayo samaki wenyeji huzalia, na Mto Igombe unaingia Malagarasi, ambao nao unamwaga maji yake Ziwa Tanganyika.